Dola 300 na Prosesa ya Kununua

Mwanao anaanza masomo katika chuo cha Inver Hills, Minnesota, mwezi wa nane, na wewe una dola 300 tu za kompyuta. Usiulize kwanza kompyuta ina kasi gani. Uliza prosesa yake inafuata maagizo ya aina gani, maana programu iliyotengenezwa kwa aina moja haifanyi kazi hivihivi kwenye nyingine.

Nunua x86, ya Intel au AMD. Maagizo yake yana wenyewe, nalijua hilo, lakini laptopu zilizotumika maofisini ni tele na bei yake inafikika. Windows na Linux zinaikubali, na printa yako ya zamani huenda isigome. Angalia kizazi cha prosesa tu: huduma ya kawaida ya Windows 10 iliisha Oktoba 14, 2025, na prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8 hazimo kwenye orodha ya Windows 11. Muuzaji asipotaja kizazi, ondoka. Tena laptopu ya dola 250 dukani haiishii 250: kodi ya jimbo, asilimia 6.875, ni dola 17, na za mitaa zinafuata. Betri ikiwa imechoka, hiyo ni gharama nyingine.

Aina ya pili, ARM, mara nyingi hukaa na chaji muda mrefu. Windows yake huzitafsiri programu nyingi za x86, ila draiva, yaani programu ya kuendesha kifaa, haitafsiriki, hivyo skana isiyo na draiva ya ARM utaiweka kabatini. Programu ya mitihani iulizieni chuoni kabla ya kulipa. Bodi ndogo za ARM nazo zinadanganya macho: Raspberry Pi 5 ya GB 8 ilitoka mwaka 2023 kwa dola 80, bila chaja, kasha, kadi, kibodi wala skrini.

Aina ya tatu, RISC-V, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Berkeley mwaka 2010, ndiyo ninayoiombea ishinde. Kiwanda chochote kinaruhusiwa kutumia maagizo yake bila kulipia leseni. Debian 13 inaihudumia rasmi, lakini Windows yake haipo dukani, na maagizo kuwa wazi hakufanyi chipu wala draiva zake ziwe wazi. Nafuu ya leseni humfikia mtengenezaji kwanza. Mnunulie kijana anayesomea kompyuta, akiwa tayari na mashine nyingine ya kazi za darasani.

Ukinunua kwa mtu binafsi, beba flashi yenye Linux uwashe nayo kompyuta mbele yake. Jaribu Wi-Fi, sauti na kamera, kisha ndipo utoe hela.