Bunduki Ikilia Penye Watu Wengi

Siku ya Jumamosi, tarehe 21 Septemba 2013, watu walikuwa wakinunua vitu katika jengo la maduka la Westgate, Nairobi, mara wauaji wenye bunduki wakaingia. Watu 67 waliuawa. Tarehe 2 Aprili 2015, kabla ya mapambazuko, Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa, wakauawa watu 148. Saa kama hiyo haina nafasi ya kushauriana. Yapasa kila mtu awe amekwisha kujua la kufanya.

Basi uingiapo sokoni, kanisani, msikitini au ofisini, tazama milango yote, wala si ule ulioingilia tu. Ukimwona mtu akificha silaha, au ukimsikia akitisha kuua, mpashe habari chifu au polisi upesi. Usione haya, heri kukosea kuliko kunyamaza.

Bunduki ikilia, fanya hivi:

Kwanza, kimbia. Acha mizigo, waonye wenzio, wala usirudi kutazama. Ukiwa salama, piga simu nambari 999 au 112.

Pili, ikiwa huna njia, jifiche. Funga mlango kwa ufunguo, uzuie kwa meza na makabati, zima taa, na simu yako isilie. Kaa mbali na mlango, nyuma ya ukuta imara.

Tatu, ikiwa mwuaji amekufikia na hakuna njia nyingine yo yote, pigana naye pamoja na wenzio kwa nguvu zote, kwa kiti au cho chote kilicho karibu.

Askari wafikapo, inua mikono mitupu, uwatii, wala usiwakimbilie. Hawajui bado nani ni nani.

Aliyepigwa risasi aweza kufa kwa kutokwa na damu katika dakika chache. Kandamiza jeraha kwa kitambaa kwa nguvu, wala usiachilie mpaka msaada ufike. Ikiwa ni mkono au mguu na damu haikomi, funga kwa nguvu kitambaa chenye upana wa vidole vitatu juu ya jeraha, kukaza kwa kijiti mpaka damu ikome. Andika saa uliyofunga, usikifungue. Hiyo ni kazi ya daktari.

Mazoezi ni mema, lakini watu na waambiwe kwanza. Mwezi wa Novemba 2015 chuo kikuu kimoja cha Nairobi kilifanya shambulio la kuigiza. Wengi hawakujua kuwa ni mchezo. Wakaruka kutoka ghorofani, wakaumia, na mtumishi mmoja akafa. Aandaaye zoezi na atangaze siku na saa, kisha awaonyeshe watu njia za kutokea.

Jioni hii waulize watoto wako: shuleni kwenu mna milango mingapi? Tahadhari kabla ya hatari.