Siku Arobaini za Mzazi, Siku Tatu za Baba

Baba mpya katika Handeni na Korogwe: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita makala haya yaliishia mlangoni mwa wodi ya wazazi, baba akiwa amekabidhi beseni, khanga, mpira wa kutandika, glovu na nyembe, kisha akaambiwa asubiri nje. Leo yanaanzia pale mama na mtoto wanaporudi nyumbani, iwe Chanika mjini Handeni au Kwamndolwa kule Korogwe, na kwenda mpaka siku ya arobaini.

Katika familia nyingi za Wazigua, Wabondei na Wasambaa, kipindi hiki kina wenyewe. Chumba cha mzazi ni cha wanawake: mama yake, mama mkwe, shangazi, na jirani aliyezaa na kulea wengi. Wao ndio wanaomkanda mzazi kwa maji ya moto asubuhi na jioni, wanaompikia uji wenye pilipili manga, na wanaomwogesha mtoto. Mwanamke mwenye mimba ya kwanza mara nyingi hurudi kujifungulia kwao. Baba huingia chumbani akiitwa. Kazi zake ziko uani na sokoni: kuni, maji, kuku wa supu, sukari, sabuni. Waislamu, ambao ni wengi Handeni, humwongezea adhana katika sikio la mtoto na mnyama wa akika siku ya saba. Bibi anapotoa kichwa dirishani na kusema, "Baba, kuni zinaisha," hakuna anayemuuliza baba huyo amelala saa ngapi.

Mpango huo una manufaa yake. Mwanamke aliyezoea kushika jembe na kubeba ndoo mpaka mwezi wa mwisho wa mimba anapata wiki sita karibu bila kuguswa na kazi, na mtoto anashikwa na mikono inayojua. Wala mzigo wa baba si mwepesi, hasa Handeni, ambako maji ni kilio cha miaka mingi. Bomba kuu la Handeni, linalojulikana kwa herufi zake tatu, HTM, huchota Mto Pangani upande wa Korogwe. Lilijengwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, watu wakaongezeka na mitambo ikachakaa. Handeni, Korogwe, Muheza na Pangani zimo katika mradi wa maji wa miji 28 unaogharimiwa kwa mkopo wa India, ambao mikataba yake ilisainiwa Juni 2022. Bomba linapokauka, dumu la lita 20 linasafiri kwa baiskeli au bodaboda. Mzazi anakandwa mara mbili kwa siku, na mtoto akishatimiza wiki moja hulowesha nepi mara sita au zaidi kati ya jua kuchwa na kuchwa. Anayejaza madumu hayo anafanya kazi ya ulezi, hata kama hajamgusa mtoto.

Tatizo huanza pale wanawake wale wanapokosekana.

Korogwe imelijua hilo zamani kuliko wilaya nyingi. Mkonge ulioletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 uligeuza bonde la Pangani kuwa nchi ya kambi: Magunga, Ngombezi, Mazinde, Hale, Mnyuzi. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, ofisi yao ya kuajiri vibarua, ikawakusanya manamba kutoka Songea, Njombe, Kigoma na hata nje ya mipaka ya Tanganyika. Wengi walikuja peke yao kwa mkataba. Waliobaki wakaoa, au wakaita wake zao, walizaa watoto katika nyumba za kambi, mwendo wa siku nyingi kutoka kwa bibi yeyote. Mkunga alikuwa mke wa jirani wa kabila jingine, na desturi za uzazi zilipangwa upya mlango kwa mlango.

Leo hali hiyo imetoka kambini na kuenea. Mwalimu wa kutoka Mbeya aliyepangiwa Mkata, fundi wa magari wa Segera, kijana wa Kilindi mwenye kibanda cha simu karibu na stendi ya Korogwe: kila mmoja anaweza kujikuta na mke, kichanga cha siku tatu, na chumba kimoja cha kupanga. Mama mkwe akipata nafasi anakuja kwa wiki mbili, kisha anarudi, maana mahindi yake shambani hayana wa kuyalinda dhidi ya nguruwe. Hapo baba anatakiwa ndani.

Sheria inampa nini? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Baba anapata angalau siku tatu zenye malipo, na ni lazima azichukue ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Uganda inatoa siku nne za kazi. Kenya, kwa sheria yake ya mwaka 2007, wiki mbili. Siku tatu zinaweza kuisha kabla mama aliyejifungua kwa upasuaji hajatoka wodini. Tena hizo ni za mwenye mwajiri. Dereva wa bodaboda wa Mombo na mkulima wa Sindeni hawana wa kumwomba likizo. Siku wasiyotoka ni siku isiyo na hela, katika wiki ambayo matumizi yamepanda. Kwa sababu hiyo wengi wao hushinda kazini na kulea usiku.

Na usiku ndio wenye kazi. Kichanga hulala kwa jumla karibu saa 16 kati ya 24, ila kwa vipande vya saa mbili au tatu, kwa kuwa hunyonya mara 8 hadi 12 na bado hajui kutenganisha mchana na usiku. Katika siku za mwanzo hupungua uzito kidogo, pengine hadi asilimia 10, kisha huurudisha kwa kawaida ndani ya wiki mbili. Kilio huongezeka kuanzia wiki ya pili, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, halafu hushuka mpaka mwezi wa tatu au wa nne. Baba asiyejua mwendo huu husikia kilio cha wiki ya tano akaamini maziwa hayatoshi, au mtoto ana chango, au kuna mkono wa mtu. Kesho yake ananunua dawa ya chango, au anaagiza mtoto apewe maji na uji mwepesi, ilhali tumbo la umri huo linahitaji maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita itimie, kuanzia dang'a ya saa ya kwanza.

Kunyonyesha hawezi. Yaliyobaki yote anayaweza: kumcheulisha mtoto begani baada ya kunyonya, kumbadili nepi, kumwogesha, kutembea naye ukumbini saa nane za usiku ili mama apate usingizi wa saa mbili mfululizo. Wapo wanaosema mwanamume hakuumbiwa hayo. Jibu moja limetoka hapa hapa Tanzania. Mwaka 2009 mwanaanthropolojia Martin Muller na wenzake, akiwamo Frank Marlowe, walichapisha utafiti juu ya wanaume Wahadza na Wadatoga wanaoishi jirani karibu na Ziwa Eyasi. Baba wa Kihadza hukaa na watoto wadogo na kuwabeba. Kwa Wadatoga kichanga ni cha mama. Homoni ya testosteroni ilikuwa chini kwa Wahadza wenye watoto kuliko kwa wenzao wasio na watoto. Kwa Wadatoga tofauti hiyo haikuonekana. Utafiti mwingine, wa Ufilipino, ulifuatilia vijana 624 kwa miaka kadhaa na kuchapishwa mwaka 2011: homoni hiyo ilishuka baada ya kijana kupata mtoto, na waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kulea ndio waliokuwa nayo kidogo zaidi. Mwili wa mwanamume, kwa ushahidi huo, hufuata kile mikono yake inachofanya.

Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, kifua cha baba ni sehemu ya matibabu. Njia ya kangaruu ilianzia Bogotá, Colombia, mwaka 1978, pale daktari Edgar Rey Sanabria alipokosa mashine za kutosha za kutunzia njiti: mtoto anavuliwa nguo, anafungwa wima kifuani, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 yalitolewa matokeo ya jaribio kubwa la Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, kwa watoto waliozaliwa na uzito kati ya kilo 1 na 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Mama aliyetoka chumba cha upasuaji au aliyepoteza damu nyingi hawezi kumbeba mtoto saa zote 24. Ndugu wa karibu hushika zamu, na baba anaweza kuwa wa kwanza kuvua shati.

Zamu nyingine ni ya macho. Kwa takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022, watoto 24 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai nchini hufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja, wakati wanaofariki kabla ya miaka mitano ni 43. Zaidi ya nusu ya hatari yote, basi, imo ndani ya siku hizi ambazo mila inamweka baba uani. Dalili za kumkimbiza mtoto kituoni zinajulikana: kukataa kunyonya, degedege, joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili kuwa baridi, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kubonyea, manjano kwenye viganja na nyayo, kitovu kutoa usaha. Mara nyingi nauli ya kwenda hospitali ya Magunga, Korogwe, au ile ya wilaya iko mfukoni mwa baba, na neno la kuondoka hutoka kwake. Akiwa hajui alichokiona, saa zinapotea.

Homa ina historia yake hapa. Watoto wa Korogwe, pamoja na wa Kilifi nchini Kenya, walikuwa miongoni mwa 894 walioshiriki jaribio la chanjo ya malaria ya RTS,S. Matokeo yaliyotangazwa Desemba 2008 yalionyesha ugonjwa umepungua kwa asilimia 53, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Lakini huanza kutolewa mtoto akiwa na miezi mitano. Kabla ya hapo kinga yake kuu ni chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, na kufunga misumari na kamba ni kazi isiyohitaji ruhusa ya mwanamke yeyote ndani ya nyumba.

Homa na kuhara vina hatari nyingine, ya waganga wanaosema mtoto ana "meno ya plastiki" na kumng'oa vijino ambavyo havijachomoza, kwa kifaa kichafu. Hofu ya meno ni ya kale katika nchi hii. Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'l Ajjemy kilichoanza kuchapwa Magila mwaka 1895, kinasimulia kwamba Mbegha wa Ngulu aliota meno ya juu kwanza. Mtoto wa namna hiyo aliitwa kigego, na desturi ilitaka auawe. Mbegha alinusurika, ingawa wazazi wake walipokufa ndugu walimnyima urithi kwa sababu ya meno hayo hayo. Akahama, akavuka mpaka Vuga, akawa mwanzo wa ukoo uliotawala Usambaa. Wataalamu wa meno leo huhesabu kuanza kwa meno ya juu kuwa tofauti ya kawaida tu.

Liko pia jambo ambalo wanaume hulisema kwa sauti ya chini. Columba Mbekenga na wenzake waliwahoji baba wa mtoto wa kwanza jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2011. Wanaume hao walitaka kusaidia, lakini walikosa maarifa, walibanwa na fedha, na walihangaishwa na kujizuia tendo la ndoa kwa muda ambao hakuna aliyewaeleza bayana, huku wakiogopa kumbemenda mtoto. Hofu hiyo ipo Handeni kama ilivyo Ilala: mtoto akikonda, jicho la kwanza humgeukia baba. Mtoto anayedhoofika anahitaji kupimwa uzito na kuchunguzwa ugonjwa. Nao wazazi wanahitaji kuuliza kliniki wanaweza kurudiana lini na watumie njia gani ya uzazi wa mpango. Mwanamume mwenyewe anaweza kuugua. Uchambuzi wa tafiti 43 uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba baba mmoja katika kila kumi hupata sonona kati ya ujauzito na mwaka wa kwanza wa mtoto, na kiwango kilikuwa juu zaidi mwezi wa tatu hadi wa sita. Kwa wanaume huweza kuonekana kama hasira, pombe, au kuchelewa kurudi kila siku.

Siku ya arobaini mzazi anatoka ndani, mtoto anaonyeshwa watu. Siku mbili baadaye anatimiza wiki sita, na hiyo ndiyo tarehe iliyoandikwa kwenye kadi yake: pentavalenti, nimonia, rota na polio. BCG na polio ya kwanza alikwisha kupewa alipozaliwa. Baba aende na kadi hiyo, na pia atafute tangazo la kizazi alilopewa hospitalini, kwa sababu sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Sehemu ya tatu, wiki ijayo, itaanzia kwenye benchi la kliniki, na itaeleza usajili huo unavyofanyika, jina la nani huandikwa, na nini hutokea baba na mama wasipokuwa na ndoa.