Kinyago cha kale cha Kimakonde: kilichochezwa na kilichochongwa kwa ajili ya duka

Kinyago cha kuvaa cha Wamakonde huchongwa kwa mti mwepesi na hukombwa ndani mpaka kuta zake ziwe nyembamba. Kazi yake hukamilika siku kinapovaliwa na mchezaji kwenye sherehe za jando na unyago. Kwa sababu hiyo, kule Newala juu ya uwanda, na bondeni Masasi ambako Wamakonde wanaishi na Wamakua na Wayao, umri si kipimo cha kwanza cha uhalisi. Kinachotazamwa kwanza ni kama kinyago kilichongwa kichezwe au kilichongwa kiuzwe.

Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964 nayo inafuata mkondo huo. Inalinda vitu vilivyotengenezwa kwa matumizi ya kijamii na kiutamaduni, na inaviweka kando vile vilivyochongwa ili viwe bidhaa za watalii. Mkusanyaji anayetafuta kitu cha kale halisi basi anatafuta kitu ambacho hakiruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali cha serikali.

Kabla ya kukigeuza kinyago mkononi, inafaa kujua kinatoka upande gani wa mto Ruvuma. Kaskazini, kwenye uwanda wa Newala, wachezaji waliovaa vinyago huitwa midimu, na vinyago vyao vingi ni vya uso tu. Vipo pia vya kiwiliwili: kifua na tumbo la mwanamke mjamzito, vinavyofungwa mbele ya mchezaji. Kusini, kwenye uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, vinyago vya mapiko hufunika kichwa kizima kama kofia, na mchezaji huona kupitia tundu la mdomo. Kwa kuwa familia nyingi zilihamia upande wa Tanzania, aina hizo mbili zimechanganyika. Hata hivyo, muuzaji anayedai kwamba kinyago cha kofia ni kazi ya kale ya Newala anapaswa kuulizwa maswali zaidi.

Uso una alama zake. Vinyago vingi vya kike vina ndona, kile kipande cha mti kilichovaliwa kwenye mdomo wa juu. Chale za usoni zilichorwa kwa kukata mbao au kwa kubandika nyuzi za nta ya nyuki. Nywele za binadamu zilishikizwa kichwani. Hizi zote zinaweza kuigizwa na fundi yeyote hodari, kwa hiyo uso peke yake hautoshi kutoa hukumu.

Ushahidi mkubwa uko ndani. Kinyago kilichochezwa kina weusi usiolingana: paji la uso na daraja la pua vilipogusana na mbao pameng'aa kwa jasho, wakati pembeni, ambako ngozi haikufika, mbao imebaki kavu na alama za tezo bado zinaonekana. Matundu ya ukingoni, yaliyofungia kamba na kitambaa cha kumficha mchezaji, yamelika upande mmoja tu, ule ambao kamba ilivutwa. Kwenye kinyago cha kughushi, matundu ni ya duara kamili na makali. Weusi wake umeenea sawasawa kila mahali, maana umepakwa kwa kitambaa: kiwi ya viatu, moshi, majani ya chai au tope. Pua nayo inasaidia. Kiwi na rangi mpya vina harufu isiyofanana kabisa na ya jasho, moshi na vumbi la miaka.

Matundu ya wadudu yanawadanganya wengi, kwani huchukuliwa kuwa cheti cha uzee. Mdudu huchimba njia zake ndani ya mbao na kutokea nje kwa tundu dogo la duara. Ikiwa juu ya uso wa kinyago inaonekana mifereji mirefu iliyokatwa wazi, mbao ilikuwa imeliwa kabla ya kuchongwa. Fundi alichukua gogo bovu makusudi. Unga mpya unaodondoka ni jambo jingine. Huo hauelezi umri, unaeleza kwamba wadudu wangali hai na kwamba kinyago kitengwe na vingine mara moja.

Katika kupima hali, matengenezo hayana uzito mmoja. Ufa ulioshonwa kwa kamba ya mti au kuzibwa kwa nta na wenyewe waliokitumia ni sehemu ya maisha ya kinyago na haukipunguzii thamani. Gundi ya dukani iliyochanganywa na unga wa mbao inakipunguzia. Rangi ya kiwandani haitoshi kukikataa kinyago, kwa kuwa wachezaji wenyewe waliitumia. Kosa lisilorekebishika ni kuosha, kupiga msasa na kupaka mafuta. Kwa dakika chache, mwenye mali anafuta jasho lilelile lililothibitisha kwamba kinyago kilichezwa.

Vinyago vya mpingo vina historia tofauti, na ni dhuluma kuviita bandia. Mitindo ya shetani, yaani sanamu za mizimu, na ya ujamaa, yaani nguzo za watu waliopandana, ilishika kasi Dar es Salaam tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati wachongaji kama Samaki Likankoa walipofanya kazi na mfanyabiashara Mohamed Peera. Ni sanaa halisi ya wakati wake; uongo huanza pale nguzo ya ujamaa inapouzwa kama kitu cha karne ya 19. Mpingo wenyewe ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mbao yake ya nje ni nyeupe. Mti mwepesi uliopakwa weusi hujulikana kwa kuukwangua kidogo chini ya kitako. Lakini wepesi si hatia kila mara: George Lilanga, aliyezaliwa wilayani Masasi mwaka 1934, alichonga pia kwa mbao laini na kuzipaka rangi kali.

Baada ya mbao huja karatasi. Mjerumani Karl Weule alipopita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906 na kukusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, aliandika safari yake na mahali alipopita. Kumbukumbu za namna hiyo ndizo zinazokifanya kitu kiwe na kwao. Mfano mchungu zaidi wa umuhimu wa karatasi hizo ni kinyago kilichoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva. Mwaka 1990 kilitambuliwa kuwa ni kile kilichoibwa, lakini makubaliano ya kukirudisha yalitiwa saini mjini Paris Mei 2010, miaka 20 baadaye. Uhalisi wa kinyago hicho haukuwa na shaka, wala hali yake. Kilichokosekana ni haki ya muuzaji kukiuza.

Familia za Newala na Masasi zenye vinyago vya wazee ziandike sasa, wakati wanaojua wangali hai: jina la mchongaji, kijiji, ngoma kilichochezewa na mwaka. Wapige picha mbele, nyuma na ndani. Mnunuzi akija kabla ya hapo, aambiwe asubiri.