Je, Wajua? Meli Iliyofungua Mdomo Ufuoni

Je, wajua kwamba Soko la Burma, pale kando ya Barabara ya Jogoo, Nairobi, unakokwenda kuchagua mbavu za mbuzi, lina jina la uwanja wa vita? Askari wa King's African Rifles (KAR) walipigana Burma mwaka 1944, na jina wakarudi nalo. Hilo mtu wa Eastlands ashalisikia. Lisilosemwa sana ni kwamba askari huyo alifika huko kwa meli, na bahari ya miaka hiyo ilikuwa na mambo yake.

Je, wajua kwamba meli za kwanza za kushushia vifaru vya vita zilianza maisha zikibeba mafuta? Bachaquero, Misoa na Tasajera zilijengwa Uingereza kwa ajili ya Ziwa Maracaibo, Venezuela, ambako mlangoni pana fungu la mchanga na chombo kinachozama sana hakipiti. Waingereza wakapiga hesabu: kinachopita juu ya fungu lile kitasogea hata ufuoni. Mwaka 1941 wakazikata omo, wakaweka mlango mkubwa na daraja la kukunjuka. Aliyewahi kupanda feri ya Likoni na gari lake ameshaelewa.

Na je, wajua kwamba Bachaquero ilianzia kazi kwa jirani zetu? Ni Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, Waingereza walipoivamia tarehe 5 Mei 1942. Kisiwa kilikuwa mikononi mwa serikali ya Ufaransa ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani, Wajapani walikuwa wameshambulia Ceylon mwezi uliotangulia, na manowari za Uingereza za mashariki zilikuwa zimehamishia makao Kilindini. Bachaquero ilikuja na malori na mizinga, lakini kupata ufuo wa kuifaa kukawa kazi. Nahodha yeyote wa jahazi kutoka Lamu angewaambia mapema kuhusu kupwa na kujaa. Hata hivyo Diego Suarez ilisalimu amri tarehe 7 Mei, na Novemba mwaka huohuo meli zote tatu zilikuwa Algeria, karibu na Oran, zikishusha vifaru vya Wamarekani.

Madagaska yenyewe haikuishia hapo. Septemba 1942 Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na kikosi cha 5 cha KAR kutoka Kenya, ilipitia Majunga ikapanda bara, na tarehe 23 mwezi huo mji mkuu, Antananarivo, ukatekwa.

Turudi Mombasa, yalikohamia makao ya manowari: je, wajua kwamba shule ya Allidina Visram iligeuzwa kituo cha kufumbua simu za siri za Wajapani? Wanafunzi walipisha.

Sasa, fundi wa kweli wa meli za kushushia vifaru alikuwa Mmarekani John Niedermair, aliyechora mchoro wa kwanza wa aina mpya Novemba 1941. Meli yake ilikuwa na urefu wa mita 100 na tumbo bapa, na siri yake ilikuwa maji. Baharini matangi ya chini yalijazwa ili izame na kutulia. Ikikaribia ufuo, maji yalipigwa pampu yakatoka, omo ikainuka. Kabla ya kugusa mchanga ilidondosha nanga ya nyuma, kule tezi, ikaendelea mbele huku waya ukifunguka. Milango ya omo ikaachana, daraja likashuka, vifaru vikatoka kwa miguu yao. Kazi ikiisha, meli ilijivuta kinyumenyume kwa waya uleule. Zilijengwa zaidi ya 1,000. Mji wa Evansville, Indiana, ulio mbali na bahari kuliko Nairobi ilivyo, ulijenga 167 kando ya mto. Moja ya meli za aina hii, LST-325, imehifadhiwa mjini humo hadi leo.

Si kila meli ilikuwa na bahati. Februari 1944 meli ya abiria Khedive Ismail iliondoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wengi wao wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Ilizama kwa dakika chache tu, wengi wakiwa bado ndani. Kisha likatokea lile ambalo mabaharia wa Uingereza walibaki nalo moyoni: nyambizi ilijificha chini ya walionusurika, na manowari Petard ikarusha mabomu ya majini watu wakiwa bado wanaelea. I-27 ilizamishwa baadaye. Waliofariki kwenye Khedive Ismail walikuwa 1,297. Askari wa kikosi hicho wanakumbukwa kwenye mnara ulio ndani ya makaburi ya vita, Barabara ya Ngong. Watu wa Nairobi hupita hapo kila siku bila kugeuza shingo.

Alama za vita hivyo ziko nchi kavu pia: wajua kwamba nyumba za Kaloleni, Nairobi, zilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano? Na kwamba Waruhiu Itote, Jenerali China wa Mau Mau, alikuwa koplo huko Burma, na aliporudi akafanya kazi kwenye reli?

La mwisho ni la karne hii. Usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012 wanajeshi wa Kenya walishuka kutoka baharini kwenye ufuo wa Kismayu, Somalia, kupambana na Al-Shabaab. Jeshi letu la Majini lina KNS Galana na KNS Tana, zilizojengwa Uhispania, ambazo ni za ukoo huu wa kushusha watu na magari ufuoni.