Uwindaji wa Fesanti Uingereza: Shabaha au Anasa?

Katika Uingereza yuko ndege ambaye huanguliwa kwa mashine, hulelewa bandani kama kuku, hulishwa hadi akue kiasi, kisha hufunguliwa mlango aende zake porini. Miezi michache baadaye mtu hulipa fedha nyingi apate ruhusa ya kumpiga bunduki akiwa angani. Ndege huyo ni fesanti, jamaa ya kwale na kanga wetu. Dume lake lina mkia mrefu na shingo ya kijani ing'aayo, na asili yake ni bara la Asia, ingawa ameishi Uingereza kwa karne nyingi hata Waingereza wengi humdhani ni wa kwao.

Twaandika habari zake leo kwa kuwa wasomaji wetu ni watu wabebao silaha kwa kazi. Si vibaya wakajua jinsi wengine wanavyoibeba kwa starehe, gharama yake ni kiasi gani, na kama shabaha ile ni shabaha kweli au ni jina tu.

Uwindaji wenyewe huitwa wa kukurupusha, na mwindaji hatembei. Husimama mahali pamoja na ndege huletwa kwake. Asubuhi wapigaji wanane au tisa hukutana na kuchagua kwa kura namba za vigingi. Vigingi hivyo huchomekwa mbele ya msitu kwa mstari, umbali wa mita 30 au 40 kati ya kimoja na kingine, aghalabu katika bonde ili ndege watokao mlimani wapite juu sana. Upande wa pili wa msitu husimama wakurupushaji, pengine 15 au 20, wenye fimbo, bendera na mbwa. Yule aliyepata kushiriki msako wa msituni ataufahamu mpango huu mara moja. Kuna mstari unaosonga polepole, kuna watu waliowekwa pembeni kuziba njia za kutorokea, na kuna kikosi kinachongoja mbele. Amiri wa shughuli nzima ni mtunza ndege, ambaye hakamati hata bunduki siku hiyo.

Hapo ndipo sanaa ya kwanza ilipo, nayo si ya mpigaji. Fesanti hapendi kuruka. Apendalo ni kukimbia kwa miguu mpaka afike mwisho wa kichaka. Mstari ukienda mbio, au mbwa mmoja akiponyoka, ndege mia huruka kwa pamoja kama wingu, wapigaji hupata kufyatua mara mbili tu kila mmoja, na kazi ya mwaka mzima hupotea kwa dakika moja. Mtunza ndege hodari huusimamisha mstari, huuagiza ugonge miti kwa fimbo pasipo kusonga, na huwatoa ndege wawili wawili, watatu watatu, juu ya vigingi vyote, mpaka msitu umalizike. Kisha hupigwa baragumu, na tangu mlio huo hakuna ruhusa ya kufyatua.

Kanuni za usalama ni kali, na twaona haya ndiyo mambo ambayo askari yeyote angeyasifu. Hapigwi ndege isipokuwa nyuma yake kuna mbingu tupu. Mtutu haupitishwi kamwe kwenye mstari wa wenzako. Mpigaji akitaka kugeuka ampige ndege aliyekwisha kupita, hana budi kuinua mtutu juu, ageuke, ndipo aushushe tena. Baina ya mkurupusho mmoja na mwingine bunduki hufunguliwa ili kila mtu aone kuwa ni tupu. Mgeni akivunja kanuni hizi huambiwa arudishe bunduki garini, hata kama amelipa na hata kama ni mtu mkubwa.

Bunduki itumikayo ni ya marisau, si ya risasi moja. Risasi yake hubeba gramu 30 hivi za vidonge vidogo, na nguvu yake yaweza kutegemewa hadi mita 35 au 40 tu. Fesanti akishashika mwendo aweza kuruka kwa kilomita 60 kwa saa, yaani karibu mita 17 kwa sekunde moja. Marisau huchukua zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kufika umbali wa mita 35. Kwa muda huo ndege amekwisha kusogea kama mita mbili, na ampigaye pale anapomwona hupiga pale alipokuwa. Kwa hiyo mpigaji huufuatisha mtutu njia ya ndege kutoka nyuma, humpita, hufyatua bila kuusimamisha mkono, na huendelea kuuzungusha. Mkono ukisita, ndege huenda salama. Watu wazoefu huhesabu kuwa kikundi cha kawaida hutumia risasi tatu au nne kwa kila ndege aangukaye, na katika mabonde marefu ya Devon na Wales hesabu hiyo hupanda sana.

Basi mchezo huu si mwepesi kama wanavyodhani wanaoudharau. Lakini wepesi au ugumu wake wategemea mahali na mtunza ndege. Fesanti arukaye mita 12 juu ya uwanja tambarare ni kama kuku aliyefukuzwa jikoni, na mpigaji wa heshima humwacha apite.

Na tuseme kuhusu fedha. Siku za uwindaji huuzwa kwa idadi ya ndege. Katika miaka ya karibuni bei mara nyingi imekuwa kati ya pauni 40 na 60 kwa fesanti mmoja. Tuchukue mfano wa siku ya ndege 250 kwa pauni 45. Jumla ni pauni 11,250, na wapigaji wakiwa tisa, kila mmoja hutoa pauni 1,250 kwa siku moja ambayo huanza saa tatu asubuhi na kwisha kabla ya saa kumi jioni. Ongeza risasi kiasi cha mia moja na kitu, bakshishi ya mtunza ndege ambayo ni aibu kuikwepa, na malazi. Hatujataja bunduki. Yapo maduka ya London, kama Purdey iliyoanzishwa mwaka 1814, ambayo bunduki yao mpya hugharimu zaidi ya pauni 100,000, ingawa bunduki ya kiwandani ya bei ndogo sana humwangusha ndege yule yule.

Fedha hizo huenda wapi? Ili ndege 250 waanguke, yapasa kuachiliwa kama 600 au zaidi, kwa maana wanaopigwa ni kiasi cha theluthi moja hadi mbili kwa tano ya walioachiliwa. Waliosalia huliwa na mbweha, hugongwa na magari, hufa kwa baridi, au huhamia kwa jirani ambaye hakugharimia hata punje. Makadirio ya fesanti wanaoachiliwa kila mwaka nchini humo hutofautiana, lakini hayashuki chini sana ya milioni 30, na yako yanayokaribia milioni 50. Sehemu kubwa ya mayai na vifaranga hutoka Ufaransa. Ndiyo maana mwaka 2022, homa ya mafua ya ndege ilipozuka huko, wenye mashamba wengi Uingereza walilazimika kufuta siku zao za uwindaji.

Na nyama? Mchuuzi huwanunua fesanti kwa mwenye shamba kwa bei ambayo mara nyingi haifiki pauni moja kwa ndege. Waingereza wenyewe walikuwa na utani wa zamani juu ya jambo hili: kinachopaa ni gini moja, yaani shilingi 21, kinacholia ni peni moja na nusu, na kinachoanguka ni shilingi mbili na nusu. Sisi wa Afrika Mashariki tuliorithi shilingi twaweza kuifanya hesabu hiyo bila mkalimani. Ajabu ni kwamba hasara ya siku hizi yaupita utani. Zamani ndege alirudisha kama sehemu moja ya nane ya gharama yake. Leo harudishi hata moja ya arobaini. Asemaye kuwa mchezo huu ni njia ya kupata chakula hana hoja.

Namna hii ya kuwinda haikuwapo tangu awali. Zamani Mwingereza alitembea na mbwa wake, akiwa na bunduki ya kushindilia kwa mdomo, na alikuwa na bahati akirudi na ndege kumi. Bunduki ya kufunguka nyuma, ambayo Mfaransa Lefaucheux aliionyesha katika Maonyesho Makuu ya London mwaka 1851, ndiyo iliyobadilisha mambo, pamoja na reli iliyowaleta wageni mashambani kwa saa chache. Mtu aliweza sasa kufyatua upesi, kisha akataka ndege wa kutosheleza upesi huo.

Tamaa ilipanda hata ikagusa saa. Katika shamba la kifalme la Sandringham, Mfalme Edward wa Saba aliziweka saa zote mbele kwa nusu saa ili apate mwanga zaidi wa kuwindia, na saa hizo hazikurudishwa mpaka mwaka 1936. Tarehe 18 Desemba 1913, huko Hall Barn katika jimbo la Buckinghamshire, watu saba, akiwamo Mfalme George wa Tano, waliua fesanti 3,937 kwa siku moja. Mfalme peke yake aliangusha zaidi ya elfu. Mwanawe, aliyekuwako siku hiyo, alieleza baadaye kuwa njiani kurudi baba yake alikaa kimya, kisha akakiri kwamba pengine walikuwa wamevuka kiasi. Miezi minane baadaye Vita Kuu ya Kwanza ilianza.

Katika vita hivyo ilionekana ni ufundi upi wa shambani uliokuwa na faida kwa jeshi. Waliotafutwa si waliosimama vigingini, bali watunza wanyama wa milima ya Uskoti, waliozoea kutambaa, kutumia darubini na kungoja. Kikosi cha Lovat Scouts, kilichoundwa mwaka 1900 kwa vita vya Makaburu, kilijaa watu wa aina hiyo, na mwaka 1916 likatolewa kundi maalumu la walenga shabaha na watazamaji. Wajuzi wa fesanti wasikasirike tukisema kuwa ushujaa wa kigingi haukuombwa na mtu.

Polisi nao wana sehemu yao. Ndege wa matajiri walihitaji ulinzi, na sheria za kuwalinda zilikuwa za ukatili. Mpaka mwaka 1827 mwenye shamba aliruhusiwa kutega bunduki ya kamba msituni imfyatukie aingiaye. Sheria ya mwaka 1828 juu ya ujangili wa usiku iliweka adhabu ya hadi miaka 14 ya kuhamishwa ng'ambo kwa watu watatu au zaidi waliokamatwa pamoja na silaha. Kisha mwaka 1862 Bunge likampa konstebo mamlaka ya kumsimamisha na kumpekua barabarani yeyote aliyeshukiwa kutoka kuwinda bila ruhusa. Wanavijiji waliichukia sheria hiyo, wakiona kuwa polisi wa umma wamegeuzwa walinzi wa ndege za mabwana, nasi twaona malalamiko yao yalikuwa na msingi.

Kuna fumbo moja la sheria litakalowafurahisha wapelelezi. Fesanti akiwa bandani ni mali, na amchukuaye ni mwizi. Akishaachiliwa huwa ndege wa porini asiye na mwenyewe, na amchukuaye katika shamba la mtu ni jangili, lakini si mwizi. Siku ile mlango wa banda unapofunguliwa, ndege yule yule hubadilika mbele ya hakimu bila hata unyoya mmoja kubadilika.

Wanaoutetea mchezo huu wana hoja zao, nazo si zote dhaifu. Misitu midogo mingi ingekatwa zamani kama si fesanti. Chakula kimwagwacho wakati wa baridi huliwa na ndege wengine pia. Watunza ndege hupata kazi vijijini, na wakurupushaji, wengi wao wastaafu na vijana, huja kwa ujira mdogo kwa kuwa wapenda siku ile. Kwa upande wa pili, ndege milioni nyingi wa kufugwa wakimwagwa porini huila ardhi; mwaka 2021 serikali ilianza kudhibiti uachiliaji wao karibu na maeneo ya hifadhi huko England, na Wales iliacha kukodisha misitu ya umma kwa uwindaji huo kufuatia uamuzi wa mwaka 2018. Tena marisau ya madini ya risasi ni sumu kwa ndege na kwa mlaji. Vyama vya wawindaji viliahidi mwaka 2020 kuyaacha katika miaka mitano kwa hiari. Hawakuyaacha, na mwezi Julai 2025 serikali ikatangaza kuwa itayapiga marufuku.

Hukumu yetu ni hii. Fedha hununua idadi ya ndege, na idadi ndiyo iharibuyo shabaha. Mtu aliyelipia ndege 28 atapiga hata wa chini ili asipunjwe. Yule aliyelipia wachache, katika bonde refu, hungoja. Mara nyingi anayestahili sifa ni mtunza ndege, mbwa waokotao majeruhi kwenye miiba, na wakurupushaji waliolowa mpaka magotini.

Atakaye shabaha peke yake ana njia nyingine, tena ya bei ndogo: visahani vya udongo vinavyorushwa na mashine. Kisahani kimoja hugharimu peni chache, hakitoki damu, na hakimpendelei tajiri. Huko Mexico mwaka 1968 Mwingereza Bob Braithwaite alivunja visahani 198 kati ya 200 akapata medali ya dhahabu ya Olimpiki, na mwaka 2024 Nathan Hales aliinyakua tena huko Paris. Hata hivyo wawindaji husema kisahani hupungua mwendo kila kinapoendelea, ilhali fesanti huongeza.

Msimu hufungwa tarehe 1 Februari. Siku inayofuata mtunza ndege huanza kutega majike waliosalia awarudishe bandani kutaga. Madume yaliyookoka huachwa. Hayo ni yale yaliyojifunza kutoruka: mstari wa wakurupushaji unapokaribia, hulala chini ya majani makavu mpaka fimbo zipite, kisha hutembea taratibu kurudi nyuma.