Kuitenga Minyororo ya Sukari na Protini

Mtu kuwa na damu ya kundi A au ya kundi B ni jambo linaloamuliwa na sukari moja tu, iliyo kwenye ncha ya mnyororo mfupi wa sukari. Karl Landsteiner alitangaza makundi ya damu huko Vienna mwaka 1901, lakini ilibidi kungoja hadi miaka ya 1950 ndipo Walter Morgan na Winifred Watkins, wa Taasisi ya Lister, London, walipobainisha kuwa tofauti ya A na B imo katika sukari. Sukari ya mwisho ya kundi A ni galaktosamini iliyobeba kundi la asetili. Ya kundi B ni galaktosi. Mgonjwa akitiwa damu isiyomfaa huweza kufa kwa sababu ya kipande hicho kidogo cha molekuli.

Minyororo hiyo haimo katika chembe nyekundu za damu tu. Imo pia katika mate na ute, ambamo imeshikamana na protini, na ili kuichunguza vizuri mkemia hana budi kuitenga kwanza. Hapo ndipo penye taabu, maana dawa iwezayo kukata kiungo huweza pia kuuharibu mnyororo wenyewe.

Viungo hivyo ni vya aina kuu mbili. Mnyororo hushikwa ama na atomi ya oksijeni ya serini au threonini, ama na atomi ya naitrojeni ya asparajini. Zote tatu ni asidi amino. Kiungo cha oksijeni, kilicho kingi katika ute, hukatwa na alkali hafifu. Lakini mara mnyororo unapoachiliwa, ncha iliyokuwa imefungwa hubaki wazi, na alkali ile ile huanza kuubambua sukari moja baada ya nyingine, kama mtu atoaye maganda ya kitunguu.

Kinga ya jambo hilo ni sodiamu borohaidraidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1968, Carlson aliichanganya na sodiamu haidroksaidi hafifu ili kutenga minyororo ya ute wa tezi za mate za nguruwe, ambao baadhi yao nao wana sukari ya A. Kila ncha inapofunguka, borohaidraidi huigeuza mara moja kuwa alkoholi, na alkali haina tena pa kushika. Gharama yake ni kwamba ncha hiyo haiwezi tena kupokea rangi ing'aayo ambayo wachunguzi hupenda kuibandika.

Kiungo cha naitrojeni ni kigumu zaidi. Kwa kawaida hukatwa kwa haidrazini isiyo na maji, kwenye joto la nyuzi 95 hadi 100 za Sentigredi, kwa saa kadhaa. Haidrazini ni kimiminika chenye sumu kiwezacho kulipuka, nacho huivunjavunja protini yote na kuziondoa asetili katika sukari. Kwa hiyo mkemia huzirudisha kwa anhidridi ya asetiki. Asipofanya hivyo, sukari ya A hubaki galaktosamini tupu, inayofanana na galaktosi ya B kiasi cha kudanganya. Jambo hilo hutokea hata mwilini: bakteria wa matumbo wakiondoa asetili hiyo, mgonjwa wa kundi A huweza kudhaniwa kuwa ni AB, na kupewa damu ya kumdhuru.

Tena si kila kitu hurudishwa. Ng'ombe ana asidi ya sialiki yenye kundi la glikolili, ambayo mwili wa binadamu hauitengenezi. Baada ya haidrazini kundi hilo hupotea, na asetili hushika nafasi yake.

Tangu miaka ya 1980 kimeng'enya PNGase F hukata viungo vingi vya naitrojeni bila madhara hayo. Kwa viungo vya oksijeni hakuna kimeng'enya kimoja kikatacho minyororo yote, na alkali pamoja na borohaidraidi zingali zikitumika maabarani.