Msafiri wa Katanga katika jiji la Guangzhou: matayarisho ya nyaraka na ya lugha

1. Utangulizi

Malori yanayongoja zamu yao mpakani Sakania yametoka mbali. Mengi yamebeba shehena iliyopakiwa katika bandari za China, ikashushwa Dar es Salaam, kisha ikavuka Tanzania na Zambia hadi kutufikia. Njia hiyo ya bidhaa imekuwa pia njia ya watu: wafanyabiashara wetu, na sasa wanafunzi wetu, huifuata kinyume ili wafike zinakotengenezwa bidhaa hizo.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo ambayo msafiri wa namna hiyo anapaswa kuyatayarisha kabla hajaondoka nyumbani. Tumechagua Guangzhou, mji mkuu wa jimbo la Guangdong, jiji lililokuwa na wakazi zaidi ya milioni 18 katika sensa ya 2020. Ndiko wafanyabiashara wengi wa Kiafrika walikoelekea tangu mwisho wa miaka ya 1990, hasa mtaa wa Xiaobei. Ndiko pia yanakofanyika, tangu 1957, maonyesho makubwa ya biashara, mara mbili kwa mwaka, masika na vuli.

Jambo hili si dogo. Fedha anazochukua msafiri mara nyingi si zake peke yake. Wamezichanga ndugu, wakwe na majirani. Neno moja lililosikiwa vibaya, au tarehe moja iliyosomwa vibaya, huweza kuumeza mtaji wa ukoo mzima.

2. Nyaraka na sheria

Kila viza ya China hubeba herufi inayotaja kusudi la safari. Herufi M ni ya biashara, na L ni ya utalii. X2 ni ya masomo yasiyozidi siku 180, na X1 ni ya masomo marefu zaidi. Mwenye X1 hulazimika kuomba kibali cha ukaazi katika muda wa siku 30 tangu kuingia. Anayekwenda kwa kusudi moja na kushikwa akifanya lingine huwa amevunja sheria, hata kama viza yake ni halali.

Juu ya viza kuna maneno mawili ya kutenganishwa kwa uangalifu: tarehe ya mwisho ya kuingia nchini, na idadi ya siku za kukaa baada ya kuingia. Mtu akidhani kwamba ile tarehe ndiyo mwisho wa ukaazi wake, atajikuta amepitisha siku zake bila kujua. Kwa sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, anayepitisha muda hutozwa yuan 500 kwa kila siku, hadi yuan 10,000, au hufungwa siku 5 hadi 15.

Sheria hiyo hiyo inaamuru kila mgeni aandikishwe polisi. Akilala hotelini, hoteli ndiyo inayomwandikisha. Akilala kwa ndugu au rafiki, ni lazima yeye au mwenyeji wake atoe taarifa polisi katika muda wa saa 24. Kadhalika, mgeni mwenye umri wa miaka 16 au zaidi hutakiwa kutembea na pasipoti yake. Ukaguzi si jambo la nadharia. Mwezi wa Julai 2009 Waafrika waliandamana Guangzhou baada ya Mnigeria mmoja kuumia alipokuwa akikimbia ukaguzi wa pasipoti. Na Aprili 2020, wakati wa janga la COVID-19, Waafrika wengi walitolewa katika nyumba na hoteli walimokuwa wakikaa, hata mabalozi wa nchi za Afrika wakalalamika. Kwa hiyo inafaa msafiri awe na nakala za nyaraka zake mahali pawili, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu ulioko Beijing, karibu kilomita 2,000 kutoka Guangzhou.

3. Majina

Tangu siasa ya uhalisi ya 1972, Mkongo wa kawaida ana jina, jina la nyongeza, na mara nyingi tena jina la ubatizo. Mchina huanza na jina la ukoo: katika Mao Zedong, ukoo ni Mao. Karani wa kule atatafuta kwanza ukoo, naye akikuta majina matatu yaliyopangwa namna moja kwenye pasipoti, namna nyingine kwenye tiketi, na namna ya tatu kwenye barua ya mwaliko, atadhani ni watu watatu. Hata tiketi ya gari moshi hutolewa kwa jina na namba ya pasipoti. Msafiri na ahakikishe kwamba majina yake yanafuatana vilevile katika kila karatasi.

Jina la nchi nalo lina siri yake. Wachina huita Kongo zote mbili Gangguo. Ya kwetu huongezewa silabi jin, iliyotolewa katika namna wanavyolitamka jina la Kinshasa. Ya jirani huongezewa bu, kutoka Brazzaville. Anayesema Gangguo tu bado hajasema atokako.

4. Lugha na sikio

Guangzhou husikika lugha mbili: Kikantoni, lugha ya wenyeji, na Kichina sanifu, kinachofundishwa shuleni na kutumiwa na wageni kutoka majimbo mengine. Anayeanza na ajifunze hiki cha pili.

Kichina sanifu kina toni nne, pamoja na silabi zisizo na toni. Mfano mmoja unatosha kuonyesha uzito wake sokoni. Mai inayoshuka kisha ikapanda ni "kununua". Mai inayoshuka kwa nguvu ni "kuuza". Kiswahili hakitusaidii hapa, kwa maana kina mkazo juu ya silabi ya pili kutoka mwisho, na si toni. Lakini watu wa Sakania wana bahati: Kilala, Kilamba na Kibemba ni lugha za toni. Ni kweli kwamba toni za Kibantu hutegemea zaidi tofauti ya juu na chini, ilhali za Kichina husifiwa kwa mwendo wake. Hata hivyo sikio lililozoea kutenga maana kwa sauti ya juu na ya chini limekwisha kupita nusu ya njia. Mwanafunzi na asikilize Kichina kwa sikio la lugha ya mama yake.

Tuonye pia juu ya kiimbo cha swali. Sisi huuliza kwa kupandisha sauti mwishoni. Katika Kichina kupandisha huko huweza kuchafua toni ya neno la mwisho. Ni salama zaidi kutumia kiulizi ma, kinachowekwa mwisho wa sentensi, kama sisi tunavyoweka "je" mwanzoni.

5. Hesabu na fedha

Nne ni si na kumi ni shi. Watu wengi wa kusini hawatofautishi s na sh, kwa hiyo toni peke yake ndiyo inayobaki kutenga 14 na 40. Kichina hujumlisha kwa wan, yaani elfu kumi: 30,000 ni "wan tatu", na 120,000 ni "wan kumi na mbili". Vidole navyo hudanganya: kidole gumba na cha shahada vikinyoshwa pamoja ni nane, wala si mbili. Bei yoyote iandikwe kwenye mashine ya hesabu au karatasini kabla ya kukubaliwa. Tena, kinachoandikwa yuan hutamkwa kuai.

Malipo mengi hufanywa kwa simu, kwa Alipay au WeChat. Tangu 2023 imekuwa rahisi zaidi kwa mgeni kuunganisha kadi yake ya benki ya kimataifa. Kazi hiyo ifanyike nyumbani. Anayeingia na fedha taslimu za kigeni zaidi ya dola 5,000 atoe taarifa forodhani. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye mitandao ya kawaida ya kule; jamaa wanaobaki nao waweke WeChat mapema, wakikumbuka kwamba Guangzhou imetangulia Sakania kwa saa sita.

6. Afya

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni ya lazima. Jambo jingine husahauliwa: Juni 2021 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba China haina tena malaria. Daktari wa kule huenda asiifikirie. Mtu wetu akishikwa na homa baada ya kufika, au hata wiki kadhaa baadaye, aseme mara moja atokako, na aonyeshe neno nüeji, "malaria", alilokwisha kuandikiwa kwa Kichina.

7. Hitimisho

Redio ya Beijing ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, na lugha yetu hufundishwa katika vyuo vikuu vya China. Wachina waijuao Kiswahili wapo, lakini si wao watakaompokea msafiri katika masoko ya Guangzhou. Basi kabla ya kuondoka awe na karatasi moja yenye mambo manne kwa maandishi ya Kichina: jina lake, nchi yake, anwani ya hoteli yake, na neno la ugonjwa. Aijaribu kwanza kwa Mchina mmojawapo wa wale wanaofanya kazi hapa Katanga. Kosa litakalogunduliwa hapa halitamgharimu kitu.